Vere hii ni ya nani?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwenye simu kutoka kambini au kutoka kwa jamaa waliowapokea, leo sileti habari za barabara wala za bei ya makala. Mezani kwangu, ninapoandika, iko vere moja. Si yangu, wala si ya mama yangu. Ni ya familia iliyokimbia vita kama yetu, na ninataka kuirudisha. Ila nikisema tu «nimepata vere ya zamani, mwenyewe aje», kesho nitakuwa na watu arobaini mlangoni, na wote watasema ni yao. Kwa hiyo mnivumilie niwaeleze kwanza namna vere kama hii inavyotambulika, na mimi nilijulia wapi.

Watu wa pwani wanasema bilauri au glasi. Sisi huku tulilichukua neno kwa Kifaransa, tunasema vere, na hivyo ndivyo nitakavyosema.

Tate yangu, baba ya mama, alikuwa mpishi kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa na shamba la ng'ombe na pareto kwenye milima ya Masisi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara za wageni zipewe Wazairwa, na katika miezi iliyofuata wazungu wengi wa Kivu walifunga nyumba zao. Yule wa kwetu aliondoka akiwa na deni la tate la miezi miwili. Siku ya kuondoka mke wake alitoa kabatini vere sita zenye shina, akazizungushia magazeti, akamwambia tate azichukue. Kama tate alishukuru, hakuwahi kutuambia. Alichokuwa akisema, kila mgeni alipozisifu, ni hiki: «Huo ni mshahara wangu wa miezi miwili. Kunyweni polepole.»

Zilitoka kabatini kwa mambo makubwa tu: ndoa, ubatizo, wageni wa mahari. Watu walinywea humo kasiksi na Fanta, na divai mara chache. Kuziosha ilikuwa kazi yetu sisi watoto, tumekaa chini kwenye mkeka ili ikiponyoka isianguke mbali. Kitu ulichokiosha miaka kumi unakijua kwa vidole. Zilikuwa sita za kundi moja, shina la kila moja limekatwa pande sita, lakini hapakuwa na mbili zilizofanana kweli. Basi tulizipa majina. Mrefu ilizipita nyingine kwa unene wa punje ya mchele. Mlevi haikusimama wima hata kwenye meza iliyonyooka, iliegemea upande kama mtu anayetafuta ukuta. Jicho ilikuwa na povu la hewa ndani ya kioo, pale kikombe kinapokutana na shina. Mzito ilijulikana ukiishika tu. Mkwe ilikuwa na mdomo uliopinda kidogo, kama wa mtu asiyeridhika na mahari. Na Padri ni ile ambayo hatukuiona kasoro yoyote.

Sisi watoto tuliamini kwamba mama mzungu alimpa tate vere zilizoharibika, nzima akaenda nazo Ulaya. Niliamini hivyo mpaka nikawa kijana.

Aliyetutoa katika ujinga huo ni padri mmoja mzee, mzaliwa wa upande wa Liège huko Ubelgiji, aliyekuja kula kwenye ndoa ya yaya yangu. Alipewa Mlevi. Aliimaliza upesi, akaipindua juu chini mbele ya watu, akapitisha kidole gumba chini ya wayo. Mama aliona aibu, akadhani anatafuta uchafu. Padri akaniita, akanishika kidole akakiweka pale. Katikati ya wayo palikuwa na kishimo cha mviringo, laini, kidogo kuliko sarafu. «Hapa ndipo ilipokatwa kitovu,» alisema. «Vere yenye kitovu ilizaliwa na mtu.»

Neno hilo la kitovu nimelishika tangu siku ile, na nitalitumia hapa.

Vere ya namna hiyo huanza kama donge la moto. Mchanga safi unayeyushwa tanurini pamoja na vitu vingine, soda na chokaa kwa kioo cha kawaida, risasi na potasi kwa kristali. Fundi anachovya ncha ya bomba refu la chuma lenye tundu katikati, analizungusha, na kioo kinashika pale kama asali kwenye kijiti. Sisi wa Goma hatuna haja ya kuelezwa sana namna jiwe linavyokuwa majimaji. Tuliliona tarehe 17 Januari 2002 likishuka kutoka Nyiragongo mpaka katikati ya mji, na tukaliona tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021 lilipofika Buhene. Fundi wa kioo ana moto wa ukoo ule ule, ila wake unamsikia. Anapuliza, donge linakuwa kifuko. Anapuliza tena akilizungusha ndani ya kalibu ya mbao iliyolowa maji, nalo linachukua umbo la kikombe. Msaidizi analeta tone jingine la kioo, wanalivuta kuwa shina, kisha tone la tatu wanalitandaza kwa vibao kuwa wayo.

Sasa iko shida moja. Mdomo wa vere bado umeshikana na bomba. Wanagandisha fimbo nyingine ya chuma chini ya wayo, wanaiachisha vere kwenye bomba, wanarudisha mdomo motoni, wanaukata kwa mkasi ungali laini, wanaulainisha kwa moto. Kazi ikiisha fimbo inagongwa, inaachia, na pale iliposhika panabaki kovu. Vere ya bei ndogo iliachwa na kovu lenye ukali, linaloweza hata kukwaruza meza. Vere iliyotunzwa zaidi ilisuguliwa kwenye jiwe linalozunguka mpaka kovu likawa kile kishimo laini nilichokigusa.

Padri alionya jambo, nami nalirudia, kwa sababu nimewasikia watu wakisema bila kitovu hakuna uzee. Katika karne ya 19 viwanda vilipata kifaa cha kubana wayo bila kugandisha fimbo, na njia ya kukata mdomo kioo kikiwa kimekwisha poa. Kwa hiyo iko vere iliyopulizwa kwa mdomo wa mtu ambayo chini ni laini kabisa. Hiyo utaitafutia alama mahali pengine.

Kwao, alisema, kazi hii ilikuwa kubwa. Mwaka 1826, huko Seraing kando ya mto Meuse, François Kemlin na Auguste Lelièvre, waliotoka kiwanda cha Vonêche, walianzisha Val Saint Lambert ndani ya majengo ya abasia ya zamani. Mbelgiji wa wakati wa ukoloni aliyekuja Kivu na sanduku la vyombo vya ndoa yake alikuja na vitu vya kwao. Lakini vere nyingi za zamani hazina saini. Nyingine zilitoka kiwandani na kikaratasi kilichobandikwa, na kikaratasi kinakwisha siku ya kuoshwa. Mtu akikuambia «hii ni ya kiwanda fulani» na chini hapana maandishi, mwulize ameilinganisha na katalogi gani. Zetu hazina saini, na padri alikataa kuzipa jina la kiwanda hata mama alipomwongezea sombe.

Nirudi kwenye alama. Ukitaka kuelewa vere ya mkono, anza na kitu cha mashine. Chukua chupa ya bia, hata hiyo Primus iliyo pembeni yako, upitishe ukucha ubavuni. Utakutana na mstari mwembamba wa mshono unaopanda mpaka mdomoni, mmoja kila upande. Hapo ndipo vipande viwili vya kalibu ya chuma vilipokutana. Vere nene zilizokandamizwa kwenye kalibu nazo mara nyingi zina mshono, au zina maandishi na namba chini. Zile za Duralex tulizonywea chai shuleni, ile namba iliyoandikwa chini ni namba ya kalibu, wala si umri wa mtu kama tulivyokuwa tukichezea. Duralex ikivunjika inakuwa punje ndogo ndogo, kwa sababu imekazwa kwa joto na ubaridi wa ghafla. Vere ya mkono inavunjika vipande virefu vyenye ukali, nina kovu langu mwenyewe la kushuhudia.

Vere iliyopulizwa ndani ya kalibu huku ikizungushwa haina mshono, kwa maana mzunguko umeufuta. Badala yake, ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kuigeuza taratibu, unaona mistari hafifu inayoizunguka, kama maji yaliyokorogwa yakaganda. Mapovu nayo yanasema. Povu lililo ndani ya shina mara nyingi ni refu na jembamba, kwa sababu shina lilivutwa na povu likavutwa pamoja nalo. Mdomo upitishe kidole, macho yamefumbwa: wa mkono ni mnene hapa na mwembamba pale, wakati vere nyingi za mashine zina kama uzi wa mviringo ulio sawa pande zote. Michoro iliyokatwa kwa gurudumu la jiwe ina kingo kali zinazokwaruza kidole, na ile iliyotoka kwenye kalibu ina kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika.

Na kama unazo zaidi ya moja za kundi, zipange kwenye meza iliyonyooka, uweke rula juu ya midomo yao. Rula itacheza. Mashine haiwezi kukosea hivyo.

Kugonga vere kwa ukucha usikilize mlio watu wanakupenda sana. Ni kweli kristali inalia muda mrefu, kama kengele inayokwenda mbali, na kioo cha kawaida kinakatika haraka. Lakini mlio unakuambia kioo ni cha namna gani, haukuambii kina umri gani. Uzito pia unadanganya mkono. Aliye na mizani anaweza kupima vizuri zaidi. Pima vere ikiwa kavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, na uizamishe vere ikining'inia kwa uzi, isiguse chini wala isibaki na hewa ndani. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa kwanza kwa huo. Kioo cha kawaida kinakuja karibu na 2,5. Kristali yenye risasi kama 24 kwa mia inakuja karibu na 3. Vere ya gramu 300, basi, itasukuma kama gramu 120 za maji ikiwa kioo cha kawaida, na kama 100 ikiwa kristali. Jirani yangu anayeuza unga aliniazima mizani yake huku akiniangalia kama mgonjwa.

Kwa sababu ya risasi hiyo, kunywa mara moja ugenini hakuna neno, lakini usiache divai, juisi ya maracuja wala pombe ilale humo, na mtoto asiifanye kikombe chake cha kila siku. Risasi inatoka polepole na kuingia kwenye kinywaji.

Uzee wenyewe uko chini, pale vere inapogusa meza. Miaka hamsini ya kuwekwa na kuondolewa inaacha mikwaruzo midogo isiyo na mpango, mmoja huku mwingine kule, kwenye ukingo wa wayo tu. Mtu akitaka kudanganya anasugua kwa karatasi ya msasa, na mikwaruzo yake inakwenda upande mmoja, hata kwenye sehemu isiyogusa meza. Mlevi, kwa sababu ya kuegemea kwake, imekwaruzika upande mmoja tu wa wayo. Hilo hakuna anayeweza kulibuni. Na msichanganye kupulizwa na uzee: karibu na Nairobi, kule Kitengela, iko karakana inayopuliza vere hata leo, kwa vioo vya madirisha vilivyovunjika. Zina mapovu, zina kupinda, na ni mpya.

Sasa nije kwenye yaliyotupata.

Februari 2024 vita viliposogea Sake, mama alikuwa nyumbani kwake huko, na mimi hapa Goma. Ni kilomita kama 25, na siku ile alizitembea karibu zote. Alifika kwangu na sufuria kichwani. Ndani ya sufuria mlikuwa na kikwembe, na ndani ya kikwembe Mlevi na Padri. Nilimuuliza kwa nini mbili. Akasema ndizo zilizokuwa mbele. Hatukuongea zaidi juu ya hilo. Tulikuwa na watu tisa wa kulaza kwenye vyumba viwili vya mbao. Alipopata nafasi ya kurudi kuangalia, mwaka uliofuata, nyumba ilikuwa na kuta. Kabati, milango, mabati, hata misumari ilikuwa imeondoka. Nani aliyechukua, hatukumwona, na simshitaki mtu hapa.

Miezi baadaye nilipita kwenye soko moja la hapa mjini kutafuta betri ya redio. Kwenye meza ya kijana anayeuza vitu vilivyotumika, kati ya chaja na pasi za umeme, niliona mashina matatu yenye pande sita. Kosa langu la kwanza ni kwamba nilishika moja kwa mikono miwili. Kijana aliona. Nilipouliza bei, iliyokuwa dola mbili ikawa dola tano. Kosa la pili ni kusema: «Hizi ni za kwetu.»

«Yaya,» akaniambia, bila hasira, «vere ni vere. Leo unasema ziko zako, kesho mwingine atasema ziko zake. Mimi nilizinunua na franga zangu.»

Alikuwa na haki kusema hivyo. Yeye mwenyewe alikimbia Kitshanga, meza ile ndiyo shamba lake sasa. Vere alimuuzia mtu mwenye chukudu, kwa franka 6.000 zote tatu. Tulikubaliana apeleke kwa shefu wa avenyu anakolala, na mimi nilete mama.

Shefu ni mzee asiye na maneno mengi. Aliziweka zote tatu chini ya kikwembe kabla mama hajaingia. Akamwambia: «Mama, usiniambie zina shina na mdomo. Vere zote zina shina na mdomo. Niambie kitu ambacho mwizi hajui.»

Mama hakuwa amesikia lolote la padri kuhusu kalibu na rula, au alilisikia akalisahau. Lakini alikuwa amezikausha kwa kitambaa tangu 1974. Alisema: «Kama Jicho iko humo, iko na povu chini ya kikombe. Si la mviringo, limelala kama punje ya maharage, na ukiweka maji linaonekana mara mbili. Na kama Mrefu iko humo, iweke kando ya hizi nilizoleta, utaona. Chini ya wayo wake imetoka kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Huyu aliigonga kwenye bomba la maji.» Akanionyesha mimi. Nina miaka zaidi ya arobaini na nywele nyeupe, na watu wote wakanitazama.

Shefu akafunua. Alitia maji ya chupa kwenye moja, akaiinua mlangoni kwenye mwanga. Punje ya maharage ilionekana, na ikaonekana tena. Akapanga Mrefu kati ya Mlevi na Padri, akaweka juu yao rula ya mtoto wake. Rula ikapanda upande mmoja. Akaipindua, akapitisha kidole, akapata ule ukucha wa mtoto. Kijana naye aliomba aguse. Aliguse polepole, akatikisa kichwa, akasema: «Basi mama, ziko zako. Beba zote tatu.»

Hapo ndipo mama alipochukua ile ya tatu. Kwa macho yangu ilikuwa ndugu ya nyingine: shina lile lile la pande sita, kikombe kile kile. Nilikuwa nimekwisha kuihesabu kama Mkwe. Mama aliizungusha, akapitisha kidole mdomoni, akaipindua, akaikalisha mezani na kuisikiliza ilivyogusa ubao. Kisha akairudisha mbele ya shefu.

«Hii si yetu,» alisema. «Iko na mwenyewe.»

Nitasema ukweli: mimi ningeichukua. Tulipoteza vere nne, tumepata mbili, na nilimnong'oneza kwamba ya tatu ni fidia tu. Aliniangalia kama alivyoniangalia ile siku ya bomba la maji. Alimlipa kijana franka 4.000 za zile mbili, kwa sababu alisema hata yeye asile hasara peke yake, na shefu akakubali. Ya tatu mama aliilipia 2.000 zilizobaki, kijana akapata chake kamili. Shefu akanipa mimi niitunze, «kwa sababu wewe ndiye mwenye mdomo wa redio.»

Njiani nilimuuliza mama alijuaje. Akasema kuna alama mbili juu yake ambazo sisi hatukuwa nazo. Moja ilikuja nayo kutoka kwa aliyeipuliza. Ya pili aliipata nyumbani kwa watu, kwa kutumiwa. Nilipofika nilizitafuta kwa mwanga wa simu, na ilinichukua nusu saa kuziona zote mbili. Sitaziandika.

Kabla ya kumaliza, neno kwa mlio kambini, maana najua wanapita watu wanaonunua «vitu vya wazungu» kwa sabuni mbili. Ukiwa na vere, sahani au saa ya zamani, usiuze siku ile ile. Ipige picha juu, ubavuni na chini, umtumie mtoto wako aliye mbali ili picha ibaki hata simu ikipotea. Andika kasoro zake, siyo uzuri wake. Uzuri kila mtu anauona. Wala usidanganywe kwamba umekalia dhahabu. Hata Ulaya vere moja isiyo na saini haimtajirishi mtu. Sita za kundi moja ni afadhali, na bado si nyumba.

Basi, vere ni hii. Ina shina la pande sita. Ilipatikana Goma, na yule wa chukudu alisema ilitoka upande wa barabara ya Sake, bila kusema kijiji. Kama ulikuwa nayo, au nyanya yako alikuwa nayo, pitia redioni saa za mchana au mwambie shefu wenu atupe habari. Usianze kunieleza uzuri wake. Niambie alama mbili. Ukinipa moja tu nitakuuliza swali, na ukinipa mbili tutaipindua pamoja. Kama unazo nyingine za kundi lake, njoo nazo, hata ile iliyopasuka.

Mzito na Mkwe bado tunazitafuta. Nazo ni hivyo hivyo: Mkwe nimekwisha kuwaeleza mdomo wake, lakini iko jambo jingine mama amenikataza kulisema.

Hii ya mtu iko juu ya kabati, watoto wamekatazwa kuigusa. Wameniuliza tuiite nani. Nimewaambia tungoje, jina lake itakuwa inalo kwao.